Umeambiwa una sukari, mwili hauna nguvu na moyo hautulii: anza hivi

Mwezi wa kwanza baada ya kuambiwa nina sukari nilikua nalala saa mbili usiku naamka saa kumi na mbili asubuhi nimechoka kuliko nilivolala. Mi ni fundi cherehani hapa Tandika, Dar es Salaam, na ilikua Januari, mwezi wa sare za shule, nguo za wateja zimejaa mpaka chini ya meza na mi nimekaa mguu uko kwenye pedeli lakini hauendi. Watu wakaanza kusema fulani kawa mvivu siku hizi, na mi mwenyewe nikaamini. Alafu usiku wasiwasi, moyo unaenda mbio, nawaza miguu, nawaza macho, nawaza watoto watabaki na nani.

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambae yuko pale nilipokua, hasa mwenye sukari aina ya pili anaetumia vidonge, ingawa mengi yatamfaa hata wa insulini. Hospitali niliyopimwa nilipewa karatasi imeandikwa sukari 16.8, nikaambiwa usile sukari, nikapewa dawa, dakika kumi hazikufika nikawa nje. Hakuna alieniambia kuhusu uchovu wala hofu, nimejifunza kidogo kidogo kwa kuuliza kliniki na kwa kujiandikia kwenye daftari. Ukipata moja hapa likakusaidia wiki hii nitafurahi sana kwa kweli.

Hatua ya kwanza: jua uchovu wako unatoka wapi, uache kujiita mvivu

Chukulia malori ya nafaka yamejaa barabarani pale Tandale, foleni ndefu, lakini geti la ghala halifunguki, ndani watu wana njaa. Ndo hali ya mwili wenye sukari juu. Chakula kipo kwenye damu tena kingi, ila insulini, ile homoni inayofungua geti, ni kidogo au mwili hauisikii vizuri, kwaiyo sukari haiingii kwenye misuli inakotakiwa kufanya kazi. Unakula na bado huna nguvu. Sio uvivu, ni njaa ya ndani.

Juu ya hapo figo zinajaribu kuitoa ile sukari kwa njia ya mkojo na inaondoka na maji, unakojoa sana, unakaukiwa. Mi nilikua naamka mara nne mpaka tano usiku kwenda chooni, sasa usingizi wa vipande vipande hivo unaamkaje na nguvu?

Kuna kitu kingine ambacho kilinitisha mno kwa sababu hakuna alienidokeza. Ukianza dawa, sukari inashuka, mwili ulishazoea kuishi kwenye 15 au 17, sasa ikifika 7 wenyewe unaona kama imeshuka hatari, unatetemeka, kichwa chepesi, jasho, kumbe namba iko sawa tu. Huo ni mwili unazoea upya, kwa wengi inapita ndani ya wiki chache. Na macho pia yanaweza kuwa na ukungu kipindi hicho maana lenzi ya jicho inabadilika maji kadri sukari inavobadilika, usikimbilie kutengeneza miwani mwezi wa kwanza, subiri sukari itulie wiki kadhaa ndo upimwe namba ya miwani. Ila kuangaliwa nyuma ya jicho kama sukari imeshagusa mishipa, hiyo usisubiri, kwa aina ya pili inatakiwa mapema tu ukishagundulika, kwa sababu wengi wetu tumeishi nayo miaka bila kujua.

Hatua ya pili: pima kabla hujaogopa

Hii ndo ilinirudishia akili, ukisoma moja tu soma hii.

Kutetemeka, jasho, moyo mbio, kuhisi kama unataka kuanguka. Hizo ni dalili za sukari kushuka. Na ni dalili za hofu pia, hizo hizo, maana kote ni homoni ile ile ya adrenalini inafanya kazi. Kwa kuhisi tu huwezi kutofautisha. Usiku mmoja saa nane nilishtuka hivo nikajua imeshuka, nikanywa chupa nzima ya soda, asubuhi nikapima kliniki nikakuta 19. Kumbe ilikua hofu, na nikaimwagia sukari. Nilivonunua mashine yangu ya kupimia sukari ikanitokea tena, nikapima nikakuta 8.9, nikakaa kitandani nikapumua taratibu, nikalala. Siku nyingine mchana nimekazana kumalizia kazi sijala, nimemeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, asubuhi, nikaanza kutetemeka, nikapima 3.4. Hiyo sasa ilikua kweli.

Kwaiyo ukihisi hivo, nawa mikono kwanza ukauke, alafu pima. Kunawa sio mapambo, mi nilimenya embe nikapima ikasoma 15 nikapagawa, nikanawa nikapima kidole kingine ikasoma 8.

Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu glasi ya soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, kama bado iko chini rudia. Ikishapanda kula kitu cha kukaa tumboni, kipande cha mkate au ndizi. Chokoleti haifai hapo, mafuta yake yanachelewesha. Huna mashine karibu na unatumia insulini au glibenklamaidi? Fanya kama imeshuka, kunywa sukari kwanza, maswali baadae. Na wa nyumbani wajue kabisa kwamba mtu akishazimia asimiminiwe kitu mdomoni, alazwe ubavu, apelekwe hospitali haraka. Ukitumia metfomini, kidonge kingine cha sukari, peke yake ni nadra sana sukari kushuka hivo, kujua hilo tu linapunguza nusu ya hofu.

Namba ambazo wengi tunapewa kama lengo ni kati ya 4.4 na 7.2 asubuhi kabla hujala, na chini ya 10 masaa mawili baada ya kula. Daktari wako anaweza kukupa tofauti kulingana na umri wako na dawa zako, fuata ya kwake. Mashine zingine zinasoma namba kubwa kama 126, usizimie, gawa kwa 18 unapata 7.

Sasa stripu za kupimia kwenye mashine ni ghali, na kupima kila saa nako kunazidisha wasiwasi, nimeliona na nimelifanya. Kama uko kwenye vidonge huna haja ya kujitoboa mara saba kwa siku. Kila stripu iwe na swali lake. Leo nataka kujua ule wali wa mchana umenifanya nini, napima masaa mawili baadae. Kesho nataka kujua naamkaje. Basi. Wenye insulini ndo wana ratiba yao waliopewa, hiyo isipunguzwe.

Tafuta daftari dogo. Andika tarehe, namba ya sukari, uchovu wako kwa maksi kuanzia 0 mpaka 10, na kilichotokea siku hiyo. Fanya wiki mbili tu. Mi daftari ndo lilinionyesha kwamba siku nikinywa chai na maandazi matatu, ikifika saa nne nasinzia juu ya kitambaa, na siku nikila mayai na kipande cha muhogo wa kuchemsha nafika adhuhuri. Likanionyesha na kingine, kwamba kuna siku nimekula vizuri kabisa ila nimegombana na mteja na sukari ikapanda. Nesi wa kliniki akanieleza kuwa mtu akiwa na stresi mwili unatoa homoni ambazo zinaamrisha ini limwage sukari. Kwaiyo kutuliza moyo ni sehemu ya matibabu kabisa, tena ya maana.

Hatua ya tatu: kula, usijinyime kwa hofu

Wengi tukishaambiwa tu tunaogopa chakula chote. Wiki nzima mchicha na maji, alafu tunashangaa mbona miguu haina nguvu, na kwa anaetumia dawa za kushusha hiyo ni hatari kabisa.

Sahani yako igawe. Nusu mboga, mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, bamia, chochote cha sokoni. Robo kitu cha kujenga mwili kama dagaa, samaki, maharage, yai, kuku. Robo iliyobaki ndo ugali au wali au kiazi, kiasi cha ngumi yako. Dona ni bora kuliko sembe maana ina makapi, ila dona nayo ni ugali, ukila mlima itapanda tu. Asali ni sukari. Sukari guru ni sukari. Juisi ya miwa na juisi ya embe uliyosaga mwenyewe, hata usipoongeza kitu, ni sukari inayoingia haraka, bora ule tunda lenyewe kipande.

Kama kwenu mnakula kwenye sinia, omba kwa upole utengewe sahani yako, sio kwa kujitenga bali kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani. Na kula kwa wakati, usiruke mlo ukashindilia usiku. Maji kunywa mchana kutwa, ukikaukiwa uchovu unazidi.

Hatua ya nne: tembea hata kama umechoka, ila kidogo

Najua inaudhi kuambiwa ufanye mazoezi wakati kunyanyua kikombe ni kazi. Usianze na mazoezi. Anza na dakika kumi baada ya kula, mwendo wa kwenda dukani na kurudi, kwa sababu misuli ikitembea inavuta sukari kwenye damu hata bila kusubiri insulini ya kutosha. Mi natoka kibandani kwangu natembea mpaka kwenye kona ya muuza mkaa narudi, mchana na jioni. Wiki ya tatu ndo nikaanza kuona saa tisa mchana sisinzii tena. Lengo la baadae ni dakika 150 kwa wiki, lakini hilo liache huko mbele. Vaa viatu vilivofunga, vikague ndani kwa mkono kabla ya kuvaa, usitembee peku hata uani. Siku unaumwa au sukari iko juu sana, pumzika.

Usingizi nao, kwa kifupi, chai ya rangi na kahawa ziishie mchana, kulala mchana kusizidi dakika 20 na weka alamu. Kama mwenzio anasema unakoroma sana na kuna wakati pumzi inakatika alafu unashtuka, mwambie daktari, hiyo peke yake inaweza kuwa ndo chanzo cha uchovu wote.

Hatua ya tano: ipe hofu saa yake

Hofu ukiifukuza inarudi saa nane usiku. Mi niliipa saa kumi na moja jioni. Nakaa na daftari dakika ishirini, naandika kila kinachonitisha bila kuchuja, alafu kila kimoja nakiuliza, kuna cha kufanya leo? Naogopa kukatwa mguu, cha leo kipo, naangalia nyayo kwa kioo kila usiku, katikati ya vidole, kama kuna kidonda au malengelenge. Naogopa figo, cha leo ni kumeza dawa ya presha, na mkojo kupimwa kila mwaka. Naogopa kufa kabla mwanangu wa mwisho hajamaliza shule, hilo halina cha leo, naliandika naliacha, mara nyingine nalia, alafu nafunga daftari. Likija usiku naliambia saa yako kesho. Mwanzoni nilidhani haitafanya kazi, ilichukua kama siku kumi.

Ukiwa umeshapima na namba iko sawa ila moyo bado mbio, kaa, weka mkono tumboni, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, fanya dakika tano. Kutoa pumzi ndefu kuliko ulivovuta ndo kunautuliza mwili. Anaesali asali, anaevuta uradi avute, ni pumzi hiyo hiyo na zaidi.

Kutafuta tafuta kwenye simu usiku kuache. Magrupu ya WhatsApp yanayotuma picha za vidonda toka, hata kama alikuingiza shangazi. Matatizo makubwa ya sukari mara nyingi yanatokana na sukari kukaa juu miaka bila kushughulikiwa, sio na namba moja mbaya ya jana, na ukidhibiti unapunguza uwezekano wake sana.

Na hapa lazima nizungumzie insulini kwa sababu ndo hofu inayoua watu mtaani kwetu. Utasikia, yule alipoanza kuchomwa sindano ndo akafa. Watu wanacheleweshwa mpaka mwisho, wanachomwa wakiwa hoi, alafu sindano ndo inalaumiwa. Kabla ya insulini kugunduliwa kule Toronto, Kanada, mwaka 1921, mtoto aliepata sukari aina ya kwanza alikua hana muda, anakonda anakwisha. Januari 1922 kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson akawa mtu wa kwanza kuchomwa, alikua mifupa tu, na akaishi miaka 13 zaidi, kwa insulini ya enzi zile ambayo haikua safi kama ya saivi. Ukiambiwa uanze insulini sio kwamba umefeli. Ni dawa ambayo mwili wako ulikua unaitengeneza mwenyewe na sasa unaihitaji kutoka nje.

Anaekuuzia unga au chupa akakwambia acha vidonge vya hospitali utapona ndani ya mwezi, huyo anacheza na maisha yako. Unataka kunywa mlonge au mdalasini, mwambie daktari wako, lakini dawa usiache.

Hatua ya sita: mwambie mtu mmoja, na umwambie cha kufanya

Mi nilificha wiki sita. Mama yangu akaja kusalimia akanikuta nimelala mchana, nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika marahaba alafu akaninyamazia ananiangalia, ndo nikasema. Alilia, kisha kuanzia siku hiyo akawa askari wa chakula, kila tonge anahesabu, fulani alikua anakula hivo hivo akakatwa mguu. Alikua ananipenda tu hajui la kufanya. Nikaja nikamwambia, mama naomba usinihesabie tonge na hizo habari za waliokatwa zinaninyima usingizi, ila jioni nikitoka kutembea twende wote, na ukinikuta natetemeka sukari iko kwenye kopo la bluu. Sa hizi tunatembea wote, na yeye mwenyewe presha yake imetulia.

Kazini pia ajue angalau mmoja, haswa kama unaendesha bodaboda, bajaji au unapanda juu ya majengo. Dereva anaetumia dawa za kushusha apime kabla hajawasha chombo, ikiwa chini ya 5 ale kwanza. Na kwa tunaofunga, kabla ya Ramadhani kama mwezi au miezi miwili nenda kliniki upangiwe dawa upya, au uambiwe kwamba wewe usifunge, na ukiambiwa hivo mwenye ugonjwa ana ruhusa katika dini.

Hatua ya saba: jua lini sio uchovu wa kawaida

Kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka haraka, pumzi kunukia kama matunda, na sukari iko juu, hiyo ni emajensi, nenda sasa hivi hata kama ni usiku. Kifua kubana au upande mmoja wa mwili kufa ganzi ghafla, hivo hivo. Kidonda cha mguu, hata kidogo hakiumi, kliniki siku hiyo hiyo.

Kikohozi cha wiki mbili na uzito unapungua, kapime TB, sisi wenye sukari tuko kwenye hatari zaidi ya kuipata, na vipimo na dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure.

Na kuna uchovu wa roho. Kuna kuelemewa na sukari yenyewe, dawa, namba, chakula, kila siku, hiyo wengi tunaipata inakuja inaondoka. Lakini ikiwa zaidi ya wiki mbili hufurahii chochote, huna hamu, unalia au umekauka hata kulia huwezi, umeacha dawa kwa sababu huoni maana, au unawaza bora ufe, tafadhali ndugu yangu mwambie mtu leo, na useme kliniki kwa maneno hayo hayo. Hiyo inaweza kuwa sonona, inatibika na kuna wataalamu wa afya ya akili kwenye hospitali za mikoa na za rufaa. Kama mawazo ya kujidhuru yapo sasa hivi usibaki peke yako, mtu akusindikize hospitali.

Siku ya kliniki

Nenda na daftari na dawa zako zote kwenye mfuko, hata za kienyeji. Andika maswali nyumbani maana ukikaa mbele ya daktari yanapotea. Mi huwa nauliza hivi: kipimo changu cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kimefika ngapi? Damu yangu inatosha? Figo na thairoidi, ile tezi ya shingoni, zimeangaliwa? Kwa ambae amemeza metfomini miaka, vitamini B12 yangu ikoje, kwa sababu ile dawa inaweza kuishusha taratibu na uchovu na ganzi za miguu zikaja kutoka huko. Kama metfomini inakuharisha sema pia, mara nyingi inatosha kuimeza katikati ya chakula au kuanza na dozi ndogo, usiache kimya kimya. Ukikosa pa kuanzia uliza hospitali ya wilaya siku ya kliniki ya sukari ni lini, na Chama cha Kisukari Tanzania nacho kipo kwa ajili yetu.

Swali la mwisho liweke juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa: uchovu huu ni wa sukari au kuna kitu kingine? Mfungulie daftari aone zile maksi za wiki mbili, tarehe kwa tarehe. Mi nilivofanya hivo mara ya kwanza, daktari akavuta kiti akasoma mpaka mwisho, akaniandikia kipimo cha damu, ikakutwa ni pungufu.